Kununua nyumba Goweko: muhuri wa mwenyekiti hautoshi

FEDHA za tumbaku zikishalipwa, wapo wanaotafuta nyumba ya kununua Goweko, wilayani Uyui, kwenye reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912. Wengi huangalia bati, tofali na miembe ya uani, wakapatana bei.

Kumbe kinachouzwa hasa ni haki ya kutumia ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie uhamisho huo, na mnunuzi awe raia anayeishi au atakayehamia kijijini hapo. Karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti peke yake, hata ikiwa na mashahidi kumi, haikulindi. Ukikosa kibali mauziano ni batili, na kurudishiwa fedha zilizokwisha kuliwa ni kazi nyingine.

Basi omba muhtasari wa kikao, na hati ya hakimiliki ya kimila kama ipo. Muuzaji akiwa na mke, naye atie sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa yake. Tembea mipaka pamoja na majirani, ulizie hifadhi ya reli inaishia wapi. Kisima kakitazame Oktoba, si Machi.