Ndege Huona, Mashua Huokoa
Kutoka Kismayu hadi Ras Kamboni, visiwa vya Wabajuni, Fuma kikiwamo, vimejipanga sambamba na pwani. Mashua ya mvuvi ikichukuliwa na kusi, jicho la angani huhitajika upesi. Ndiyo maana wauzaji huisifu ndege nyepesi: hutumia mafuta machache kuliko helikopta, na rubani huona mbali.

Ndivyo ilivyonadiwa Edgley Optica ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1979, chumba chake cha mbele kikiwa cha vioo. Mwaka 1985 Optica ya polisi wa Hampshire ilianguka kazini, na watu wawili wakafa. Mwaka huo huo kampuni iliyoiunda ikafilisika.

Tukio hilo lakumbusha hatari ya doria: ndege irukayo chini na polepole, ikikosea kupinda, haina nafasi ya kujinusuru. Basi kabla ya kununua, na yaulizwe mafunzo ya rubani, vipuri, na kinga ya kutu ya chumvi. Zaidi ya hayo, ndege ya magurudumu haimtoi mtu majini. Pasipo redio na mashua iliyo tayari, rubani atamwona mvuvi akizama, asiweze kumfaa.