Uchovu Usioponywa na Usingizi

Tumekwisha kumwona jirani wa namna hii: leo afua nguo mbili tatu na kucheka na watoto, kesho hawezi kuinua sufuria. Watu husema, "Mvivu huyo." Nasi, tukiri, tulisema vivyo hivyo.

Waitwa ugonjwa wa uchovu sugu. Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free mjini London, wauguzi na watumishi zaidi ya 200 walipatwa na maradhi yaliyolegeza viungo, hata hospitali ikafungwa toka Julai mpaka Oktoba. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili wakaandika kwamba ile ilikuwa fadhaa ya moyo tu, iliyoenea toka mtu hata mtu. Mojawapo ya hoja zao: wengi walikuwa wanawake! Tena waliyasoma makaratasi ya hospitali. Wagonjwa wenyewe hawakuwapima.

Baadaye wagonjwa wengi waliagizwa mazoezi ya kuzidishwa kidogo kidogo. Uingereza ililiondoa agizo hilo katika mwongozo wake wa matibabu mwaka 2021.

Wataalamu wa Amsterdam, nchini Uholanzi, waliamua kuiuliza misuli yenyewe. Waliwachukua watu 25 ambao korona iliwaachia dalili ile ile, kazi ndogo leo na kuanguka kesho, pamoja na wazima 21. Wote walikanyaga baiskeli isiyokwenda mpaka mwisho wa nguvu zao. Kipande kidogo cha nyama ya paja kilikatwa juma moja kabla, na kingine siku iliyofuata. Habari ilitangazwa Januari 2024. Ndani ya msuli mna viungo vidogo mno, mitokondria, vigeuzavyo chakula na hewa kuwa nguvu. Kwa wagonjwa vilikuwa dhaifu, na baada ya baiskeli vikazidi kudhoofika. Nyuzi za misuli zilizokufa nazo zikaongezeka.

Labda ni kwa kulala mno? Wenye uchovu sugu nao walipopimwa, misuli ya wagonjwa ililinganishwa na ya wazima waliokubali kulala kitandani siku 60. Ya wazima hao ilikonda. Ya wagonjwa haikukonda hivyo, bali ilipungukiwa na mishipa midogo ya damu. Si jambo moja, basi.

Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Mgonjwa hujifunza kupumzika kabla ya kuchoka: amenye muhogo ameketi, afue leo, pasi aiache hata kesho kutwa. Nao wasioinuka kitandani kabisa, baiskeli ile wangeipandaje?