Utamu wa keki za krimu usigeuke shubiri

Ndugu msomaji, nani asiyefurahia kuingia duka la keki? Unafungua mlango, na harufu ya siagi inakupokea kabla ya muuzaji. Nyuma ya kioo zimepangwa kruasani za rangi ya dhahabu na ekleri zilizojazwa krimu na kupakwa chokoleti. Watoto wanabandika pua kwenye kioo, kila mmoja anaonesha cha kwake. Hii ni furaha ya halali, wala safu hii haina nia ya kumnyima mtu.

Mapishi haya yana sifa ya Kifaransa, ingawa kruasani ina asili ya Vienna, Austria. Mwaustria August Zang ndiye aliyefungua duka la mikate ya kwao mjini Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, na Wafaransa wakaongeza ufundi wao. Unga hukunjwa pamoja na siagi mara kadhaa. Ndani ya tanuri maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuzitenganisha tabaka, ndiyo maana ukiuma inapukutika. Sisi wa Mwanza tumelelewa na maandazi na vitumbua, lakini vitafunwa vya krimu navyo vimeingia katika sherehe zetu. Hapo ndipo penye jambo la kujifunza.

Yaliyotukuta Ukerewe

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua boksi la ekleri mjini Mwanza, tukampelekea shangazi Nansio siku ya Idd. Muuzaji alizitoa kwenye friji na kutuasa tuzile mapema. Hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu. Tulisubiri meli juani, kisha tukasafiri ziwani masaa matatu na ushei. Tulipofika zilikuwa zinapendeza vilevile na hazikuwa na harufu mbaya. Tukazila baada ya chakula cha mchana. Kabla ya Magharibi watoto wanne walikuwa wanatapika, na mdogo wao alikuwa amelegea kabisa. Alhamdulillahi, aliwahishwa hospitali, akatundikiwa dripu, akapona.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Krimu ya ekleri hupikwa kwa maziwa, mayai na sukari, vitu ambavyo vijidudu huvipenda. Kuna bakteria aitwaye stafilokokasi anayeishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wenye afya. Mpishi akijigusa pua, au akiwa na kidonda kidoleni, humwingiza kwenye krimu. Penye joto bakteria huyo huzaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo haibadilishi harufu wala ladha, na kuipasha moto hakuiondoi. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa nane baada ya kula.

Kabla ya kununua

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika haraka kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na friji iwe na baridi isiyozidi nyuzi 5. Kwa hiyo fanya haya:

1. Hakikisha vyenye krimu vimo ndani ya friji inayofanya kazi. Kioo peke yake si friji. Umeme ukikatika muda mrefu, viache.

2. Tazama kama muuzaji anatumia koleo au karatasi, au anashika kwa mkono uleule unaopokea pesa.

3. Uliza viungo. Baadhi ya keki za Kifaransa, kama baba, hulowekwa kwenye pombe aina ya ramu, na jelatini nyingine hutokana na nguruwe. Kuuliza si ujeuri.

4. Kama una safari ndefu, chukua kruasani kavu au keki isiyo na krimu. Ekleri ziliwe dukani au nyumbani karibu.

Tusisahau sukari. Mwaka 2015 Shirika hilo lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban vijiko vidogo 12 kwa mtu mzima. Soda moja ya mililita 300 pekee hubeba takriban vijiko 8. Basi ukila keki, shushia na maji au chai isiyo na sukari, na mgawane badala ya kila mtu na yake.

Mtu akiharisha au kutapika, mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Mtoto akishindwa kunywa, macho yakizama, akikosa mkojo au akitoa damu, mkimbizeni hospitali bila kusubiri kupambazuke.

Furahieni vitamu vyenu vikiwa vibichi na vya baridi. Shangazi bado anatudai ekleri. Safari hii tumemwambia aje azilie Mwanza.

Tukutane toleo lijalo, Inshaallah.