Idara ya Afya na Habari za Wagonjwa

Wengi hudhani ya kuwa kazi ya Idara ya Afya ni kuwapa dawa watu waliokwisha kuugua. Hiyo ni sehemu moja tu ya kazi yake, wala si iliyo kubwa. Iliyo kubwa ni kuyazuia maradhi yasifike, nayo ni kazi isiyo na sifa, maana mtu ambaye hakuugua hajui ya kuwa ameokolewa. Nani katika Shirimatunda amepata kumshukuru mtu kwa ajili ya kipindupindu ambacho hakikufika nyumbani kwake?

Shirimatunda ni kata mojawapo ya mji wa Moshi, upande wa magharibi. Mji huu una Halmashauri ya Manispaa, na Idara ya Afya ni mkono mmoja wa Halmashauri hiyo. Mkubwa wake ni Mganga Mkuu wa Manispaa. Chini yake wamo waganga na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, tena wamo maafisa afya, ambao wazee wetu waliwaita mabwana afya. Walio karibu zaidi na nyumba zetu ni wahudumu wa afya wa jamii, watu wa mtaa uleule, wanaojulikana kwa majina. Ugonjwa unaowashinda hao hupelekwa Mawenzi, hospitali ya mkoa, na ulio mzito zaidi hupelekwa KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. Mpango huu ni rahisi kuuelewa, basi tusikae sana hapo.

Lililo gumu kidogo ni hili: Idara hujuaje mahali pa kwenda? Watu wa mji ni wengi, na maafisa ni wachache. Hawawezi kukesha mlangoni pa kila nyumba. Jibu lake ni kwamba huenda kwa kufuata hesabu na habari. Pasipo habari Idara ni kipofu, hata ikiwa na dawa tele ghalani.

Tutazame chanjo. Mtoto azaliwapo huchanjwa kuzuia kifua kikuu. Afikapo majuma 6, tena 10, tena 14, hupewa chanjo za polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na nyinginezo. Na katika miezi 9 na miezi 18 huchanjwa kuzuia surua na rubela. Dawa hizi zina tabia kama ya maziwa, zikipata joto huharibika. Yapasa zikae katika baridi ya nyuzi 2 hata 8, tangu bohari kuu mpaka mkononi mwa mtoto. Tena nyingine zikiganda kama barafu huharibika vilevile. Kwa hiyo muuguzi akikataa kufungua sanduku lake la baridi ovyo ovyo, tusimdhanie kuwa ana maringo.

Kila mtoto aliyechanjwa huandikwa kitabuni na katika kadi yake. Tuseme kitabu cha zahanati fulani chaonyesha watoto 40 waliozaliwa, na waliochanjwa surua ni 34. Hesabu ya kutoa yaweza kufanywa na mtoto wa darasa la pili, lakini swali linalofuata si la darasani: wale 6 wako wapi? Labda wawili wamehamia Arusha, na mmoja amepelekwa kwa bibi yake Rombo. Watatu waliobaki wamo majumbani. Hapo ndipo mhudumu wa jamii achukuapo majina matatu na kwenda kupiga hodi. Watoto watatu si jambo dogo, kwa kuwa mgonjwa mmoja wa surua aweza kuwaambukiza watu 12 hata 18 wasio na kinga. Ndiyo sababu hutakiwa wachanjwe watoto 95 katika kila 100.

Kwa njia kama hiyo ndui iliondoshwa duniani. Wachanjaji hawakumfikia kila mtu. Walipoona ya kuwa kuwachanja watu makundi kwa makundi hakutoshi, walitafuta habari za kila mgonjwa, wakamtenga, wakawachanja wote waliokaa karibu naye. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Merca, katika nchi ya Somalia, mwezi wa Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ya kwamba ndui imekwisha. Kama wagonjwa wangalifichwa uvunguni, ndui ingalikuwapo hata leo.

Sisi Watanzania tulipimwa kwa jambo hilo mwaka 2023. Mwezi wa Machi watu wa vijiji karibu na Bukoba, mkoa wa Kagera, walishikwa na homa kali, wakatapika, na wengine wakatokwa na damu. Habari zikapelekwa, damu ikapimwa, na tarehe 21 Machi serikali ikatangaza ya kuwa ni ugonjwa wa Marburg, ambao haujapata kuonekana Tanzania. Watu 9 waliugua, na 6 kati yao walikufa. Mmoja wao alikuwa mhudumu wa afya. Waliogusana na wagonjwa walikuwa zaidi ya 200. Wote waliandikwa majina, wakaangaliwa kwa siku 21, kwa kuwa siku hizo zikipita bila homa mtu huwa salama. Tarehe 2 Juni ikatangazwa ya kuwa ugonjwa umekoma. Walioandika majina na kuhesabu siku walifanya kazi kubwa sawasawa na walioshika sindano.

Sasa tuje kwa bwana afya, ambaye watu hawampendi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 humpa ruhusa kukagua majengo na mahali pa biashara. Hutazama choo, maji yaliyotuama ndani ya madebe na matairi, jiko la mama auzaye chakula, na mtungi wa maji ya kutengenezea mbege. Mbege ni ndizi na ulezi, navyo huchemshwa. Lakini maji yakiongezwa baadaye bila kuchemshwa, kazi yote ya moto imepotea. Tena mtu asiseme, "Choo changu chanihusu mimi tu." Sisi tu watu wa mteremko. Maji ya mfongo hupita katika vihamba vingi kabla ya kufika chini, na lililofanywa juu hunywewa na aliye chini. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi kwa maji na mikono michafu. Walakini, bwana afya naye ana wajibu wake. Aingiaye nyua za watu kwa makelele na kutaja faini kabla ya salamu atafichwa choo, na mgonjwa pia.

Liko jambo moja ambalo ninyi watoto mwaweza kulificha kuliko watu wazima: kuumwa na mbwa. Mtoto alikatazwa kupita njia fulani, akapita; au alimtupia mbwa mawe, akaumwa. Arudipo nyumbani huvuta soksi juu ya jeraha, akiogopa fimbo. Jeraha hupona, na watu hawajui neno. Lakini mbwa akiwa na kichaa, ugonjwa husafiri polepole mwilini, majuma hata miezi, na dalili zikiisha kuonekana hakuna dawa ya kutegemewa. Karibu wote hufa. Zamani hapakuwa na chanjo ya kumkinga aliyeumwa. Mwezi wa Julai 1885 mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliumwa na mbwa mwenye kichaa huko Alsace. Mama yake hakungoja. Siku mbili baadaye walikuwa Paris kwa Louis Pasteur, naye akamchanja kwa dawa mpya, na mtoto hakuugua.

Leo hatuna haja ya kwenda Paris. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa. Kisha mtoto apelekwe zahanati au hospitali siku ileile, naye aambiwe arudi kila tarehe atakayoandikiwa, hata kama jeraha limekwisha kupona. Nanyi wazazi mnaosomewa ukurasa huu jioni, iwekeni fimbo kando kwanza. Mtoto aulizwe kwa upole aseme mbwa alikuwa wa namna gani, ni wa nani, ameelekea wapi, na kama amemwuma mtu mwingine. Kwa maana maneno hayo manne ndiyo afisa afya na afisa mifugo watakayoanza nayo kazi yao.