Msiisugue Bronzi kwa Ndimu

Swali ambalo wasimamizi wa shule, makanisa na majengo ya ukumbusho hawachoki kuniuliza ni hili: kwa dawa gani wataiondoa kutu iliyolitanda bamba la bronzi ukutani, lipate kung'aa kama siku lilipozinduliwa? Jawabu langu ni kwamba hapana kutu ya kuondoa. Kutu ya chuma hukila chuma mpaka kikaisha, lakini utando wa bronzi, ambayo ni shaba iliyochanganywa na bati, aghalabu huganda juu ya madini na kuyahifadhi. Huanza kwa hudhurungi, kisha, kwa salfa ya moshi wa mijini au kwa chumvi ya upepo wa pwani, hugeuka kijani. Mwaka 1906, lilipozuka shauri la kuipaka rangi Sanamu ya Uhuru ya New York, ambayo ni ya shaba, wahandisi wa jeshi la Marekani waliuchunguza ukijani wake wakathibitisha kuwa ndio uliokuwa ukiilinda. Na atakaye ithibati ya karibu, aitazame Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyopokea upepo wa bahari tangu mwaka 1927, na nakshi za mabamba yake zingali dhahiri.

Ama ile tiba mashuhuri ya ndimu na chumvi, au ukwaju na majivu, inayosifiwa kwa sababu huleta mng'ao papo hapo, nasema bila ya kuficha kuwa ni maangamizi. Tindikali ya ndimu huuyeyusha utando pamoja na shaba iliyo chini yake. Majivu hukwangua ncha za herufi. Na chumvi, iliyo mbaya kuliko vyote, hujipenyeza katika vitundu vya madini, na kila unyevu ukiifikia huzaa tindikali mpya inayoila shaba na kuacha unga wa kijani hafifu, kisha ikarudia kazi yake tena na tena. Mng'ao wenyewe haudumu, hivyo msuguaji hurudi, na kila arudipo huondoka na sehemu ya jina la marehemu aliyedhani anamheshimu.

Yafaayo ni machache. Osha kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kwa burashi laini. Suuza, kausha barabara, paka nta nyembamba, futa kwa kitambaa: mara moja kwa mwaka, na pwani mara mbili. Kinyesi cha ndege kioshwe upesi. Unga wa kijani unaorudi baada ya kufutwa, mwite mtaalamu wa makumbusho. Anayetaka mng'ao kwa vyovyote, fundi alipige bamba lake vanishi ya shaba, naye akubali gharama ya kuirudia kila ipasukapo.

Enyi wenye dhamana ya mabamba haya, nawasihi: ndimu ziacheni jikoni, na utando wa miaka uacheni ufanye kazi yake.