Kutunza Mwongozo wa Kiunzi cha Majaribio ya Programu: Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Katika eneo bunge la Lurambi, Kakamega, kimo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Humo hufunzwa Kiswahili, na hufunzwa pia sayansi ya tarakilishi. Kama ilivyo katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, wanafunzi wa fani hizi mbili hukutana zaidi kwenye foleni ya chakula kuliko kwenye kazi. Makala haya yanafafanua kazi moja ambayo ingefaa kuwakutanisha, nayo ni kutunza mwongozo wa kiunzi cha majaribio ya programu. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi hiyo ni ya lugha kuliko inavyodhaniwa, na kwamba tafsiri ya mwongozo isiyotunzwa humdhuru msomaji zaidi ya kukosekana kwa tafsiri.

Kizio, jaribio na kiunzi

Kizio ni sehemu ndogo ya programu inayotekeleza jukumu moja. Chukulia programu ya kuhakiki mizani ya tarbia, ambayo mshororo wake kwa kawaida huwa na mizani 16. Kizio kimojawapo kitaitwa hesabu_mizani: hupewa neno, nacho hurudisha idadi ya silabi. Mwandaaji programu asiye na habari za fonolojia ataamua kuhesabu irabu tu. Neno "kalamu" litampa 3, naye ataridhika.

Jaribio la kizio ni kipande kingine cha programu kinachodai hivi: hesabu_mizani ikipewa neno "mtoto", jibu sharti liwe 3. Kwa kuwa "mtoto" lina irabu 2, jaribio litashindwa, na kasoro itajulikana kabla ya shairi la mtu kukataliwa bure. Mwandaaji atarekebisha kwa kuamuru kwamba kila /m/ inayotangulia konsonanti ihesabiwe kuwa silabi. "Mtoto" sasa ni 3. Lakini "mbuzi", ambalo ni mizani 2, limegeuka kuwa 3. Kama jaribio la "mbuzi" lilikuwa limeandikwa mapema, litamwambia papo hapo kwamba ameziba ufa huku akibomoa ukuta.

Mambo hayaishii hapo. Katika "mtu mbaya", kivumishi kina mizani 3: m-ba-ya. Katika "nyumba mbaya", kina 2: mba-ya. Herufi ni zile zile. Kinachotofautiana ni ngeli. Hakuna hila ya hesabu itakayolitatua hilo kwa kulitazama neno peke yake. Kizio chenyewe hakina budi kubadilishwa ili kipewe neno pamoja na ngeli yake. Kikibadilishwa, kila ukurasa wa mwongozo uliosema "kipe neno" unakuwa umesema uongo, ijapokuwa siku ulipoandikwa ulikuwa wa kweli.

Kiunzi, kwa upande wake, ni programu inayokusanya majaribio ya namna hii, ikayaendesha yote kwa amri moja na kutoa ripoti. Kent Beck aliunda SUnit kwa ajili ya lugha ya Smalltalk katika miaka ya 1990, kisha mwaka 1997 yeye na Erich Gamma wakaandika JUnit kwa ajili ya Java. Mwaka 2001 lugha ya Python, toleo la 2.1, ilipokea kiunzi chake cha unittest. Kila kiunzi kina mwongozo wake, na kwa mtumiaji aliye mbali na waundaji, mwongozo ndio mwalimu wa pekee.

Namna mwongozo unavyozeeka

JUnit yatoa mfano ulio wazi. Katika toleo la tatu, maandalizi yanayotangulia kila jaribio yaliandikwa katika sehemu iliyopewa jina setUp, na jina la kila jaribio lilianza kwa neno test. Toleo la nne, la mwaka 2006, liliacha kutegemea majina likaleta alama: @Before kwa maandalizi na @Test kwa jaribio. Toleo la tano la mwaka 2017 likabadilisha tena @Before kuwa @BeforeEach.

Mwanafunzi akinakili mfano wa toleo la tatu na kuutumia katika la tano kwa kuyatia majina yale ya kale bila alama, jaribio lake halitatambuliwa. Halitashindwa, halitaendeshwa. Iwapo lipo pamoja na majaribio mengine yaliyo sahihi, ripoti itatoka safi, naye atalala usingizi akiamini programu yake imekaguliwa. Asiye na mwongozo hujua kwamba hajui. Aliye na mwongozo uliochakaa hana hata ujuzi huo.

Dawa moja iliyobuniwa ni kuufanya mwongozo ujijaribu wenyewe. Chombo cha doctest, kilichoandikwa na Tim Peters na kuingizwa katika Python mwaka ule ule wa 2001, husoma mifano iliyomo ndani ya maelezo, huiendesha, na kulinganisha jibu lililoandikwa na jibu linalopatikana. Mfano unaodai kuwa "mbuzi" ni mizani 3 utafichuliwa. Hata hivyo doctest haisomi nathari. Sentensi isemayo "kizio hiki hakihitaji kujua ngeli" itabaki pale pale mpaka mtu aisome na kuitilia shaka. Sehemu hiyo ndiyo inayomhitaji mtu wa lugha.

Visawe na ubaya wake

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa kuthamini visawe. Katika mwongozo visawe ni mtego. Mtunzaji akiandika "jaribio limeshindwa" katika sura ya kwanza na "jaribio limefeli" katika ya nne, msomaji makini atadhani anaelezwa matukio mawili. Isitoshe, matukio mawili yapo kweli. Kiunzi cha unittest hutenga hali ambayo jibu si lile lililotarajiwa na hali ambayo programu imekatika njiani kabla ya kutoa jibu. Ya kwanza yafaa kuitwa kushindwa, ya pili hitilafu. Neno "kosa" halifai kwa yoyote kati yake, kwa kuwa laweza kubeba zote mbili. Hata neno "jaribio" lina mizigo yake, maana Kiswahili husema pia jaribio la mapinduzi. Muktadha huliokoa, lakini orodha ya istilahi inapaswa kulifafanua mara moja na kwa wote.

Mjadala wa kama kifaa chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi umetumia wino mwingi. Kwa mtunza mwongozo, lolote kati ya hayo linatosha mradi lisibadilike katikati.

Tafsiri na matoleo

Afrika Mashariki ina uzoefu wa kutafsiri programu. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini tafsiri hufungwa kwenye toleo. Mwaka 2010 kundi la waandaaji wa OpenOffice lilijitenga na kuanzisha LibreOffice, na tangu hapo menyu na maelezo ya programu hizo mbili yameendelea kubadilika, kila moja kwa njia yake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliweza kusubiri kutoka 1981 hadi 2004 kupata toleo la pili. Mwongozo wa programu hauna subira hiyo.

Wanaotafsiri nyaraka za Python, ambamo kurasa za unittest na doctest zimo, hufuata utaratibu ulioelezwa katika waraka wa mapendekezo nambari 545 wa mwaka 2017. Kila aya ya asili huwekwa katika faili pamoja na tafsiri yake. Aya ya asili ikiguswa, tafsiri hutiwa alama ya shaka, na kwa kawaida msomaji huonyeshwa Kiingereza mpaka mtu aipitie upya. Ni utaratibu wenye adabu: hauifuti kazi ya mtafsiri, lakini haumruhusu aseme jambo lisilo na hakika.

Python hutoa toleo jipya kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Shahada ya kwanza nchini Kenya huchukua miaka 4 kwa kawaida, yaani mwanafunzi wa Lurambi akianza ukurasa mmoja wa unittest katika mwaka wake wa kwanza, atakutana na takriban matoleo manne kabla ya kuvaa joho. Kwa hiyo ukurasa huo wahitaji mambo matatu tangu siku ya kwanza: nambari ya toleo lililotafsiriwa, orodha ya istilahi iliyokubaliwa na pande zote mbili, na jina la mwanafunzi wa mwaka wa chini atakayekabidhiwa.