Biashara ya mafukizo Nakuru: malighafi ni yetu, faida ya nani?

Mkazi wa Nakuru anayetaka nyumba yake inukie ana mengi ya kuchagua. Supamaketi zinauza vijiti vya udi na koni. Maduka ya Wasomali na Waislamu yana ubani wa punje, manemane, na buhuri za Ghuba katika mikebe ya kung'aa. Kwenye kioski cha mtaani, karibu na viberiti na mishumaa, kuna koili ya mbu, ambayo wachache huihesabu kuwa fukizo ingawa asili yake ni hiyo hiyo.

Mnunuzi mwangalifu ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutoa pesa: kitu hiki kinawaka kwa muda gani, kinatoa moshi wa namna gani, na shilingi yangu inaishia kwa nani? Swali la tatu ndilo zito kwa eneo hili. Kaskazini yetu kuna miti ya ubani na manemane. Molo, Kuresoi na Mau Narok hulimwa pareto, ua la kuulia wadudu. Leleshwa, kichaka chenye majani ya kunukia kama kafuri, kimejiotea chenyewe kuzunguka Ziwa Nakuru na kuelekea Gilgil. Hata hivyo bidhaa zinazojaza rafu ni za kuagizwa. Tunauza malighafi kwa bei ya chini, kisha tunanunua kazi ya mikono ya wengine.

Vijiti na koni

Kijiti cha udi ndicho rahisi kuliko vyote: kiberiti kimoja, hakuna makaa, hakuna chetezo. Ndani yake mna unga wa makaa na wa mbao ulioshikiliwa kwenye uti wa mwanzi kwa gundi ya gome la mti ambayo Wahindi huiita jigat. Vijiti bora huchanganywa na unga wa sandali, utomvu na viungo kabla ya kusokotwa. Vya bei ya chini husokotwa vitupu, kisha huchovywa katika manukato yaliyozimuliwa kwa kemikali. Kuvitofautisha si vigumu: kilichochovywa hunukia sana kikiwa kwenye pakiti, lakini kikiwaka harufu ya makaa huipiku ile ya manukato.

Kijiti cha kawaida huwaka dakika 30 hadi 45. Pakiti ya vijiti 20 kwa hiyo inakupa saa 10 au zaidi, na mnunuzi anaweza kugawanya bei kwa saa hizo akajua anacholipa. Koni haina uti wa mwanzi, na huisha mapema, aghalabu ndani ya dakika 15 hadi 25. Moshi wake huongezeka kadiri moto unavyoshuka kwenye kitako kipana, hivyo inafaa kwa ukumbi kuliko chumba cha kulala.

Kitovu cha biashara ya vijiti ni India, hasa Bengaluru na Mysuru, ambako wanawake wengi wamekuwa wakivisokota majumbani. Hata India ilifika mahali ikawa inaletewa vijiti kutoka Vietnam na China. Agosti 2019 serikali yake iliwekea masharti uagizaji wa vijiti vilivyo tayari, na mwaka 2020 ikapandisha ushuru wa kuagiza vijiti vya mwanzi kutoka asilimia 10 hadi 25 ili kazi irudi vijijini. Nchi iliyobobea katika biashara hii iliona ni halali kulinda mikono ya watu wake. Kaunti yenye vijana wengi wasio na kazi ina la kujifunza hapo.

Ubani wa makaa

Ubani wa punje unadai subira. Kaa huwekwa kwenye chetezo, huachwa mpaka livae jivu jeupe, kisha punje hutiwa juu. Punje hulegea, hung'aa, huchemka kwa povu dogo, na moshi mweupe hupanda wima. Dakika chache baadaye hubaki doa jeusi. Harufu njema hutoka mwanzoni, na utomvu ukishaungua hunuka moshi mkali. Wanaoujua ubani huliondoa doa hilo kwa kibanzi kabla halijaungua, au huweka majivu kidogo kati ya kaa na punje ili joto lipande polepole.

Kwa nyumba inayopika kwa jiko, kaa la kufukizia halina gharama ya ziada. Asiye na jiko hununua tembe za makaa zilizotiwa shura ili zishike moto haraka. Tembe hizo hutoa cheche na harufu kali zinapowashwa, basi ziwashie nje.

Udanganyifu upo, kwa sababu gundi ya mgunga hufanana na ubani machoni. Jaribio ni la maji: gundi huyeyuka kabisa, ubani hufanya maji yawe kama maziwa na kuacha masalio. Ukiitafuna gundi huyeyuka mdomoni, lakini ubani hulainika na kuwa kama chingamu.

Isiolo, Samburu, Marsabit, Wajir, Mandera na Turkana zina miti ya ubani, manemane, na ule utomvu ambao wafanyabiashara huuita hagar. Kwa sehemu kubwa wafugaji huokota utomvu uliojitokeza wenyewe kwenye gome, bila kuuchanja mti. Hilo ni jambo la kujivunia. Nchini Ethiopia na jirani zake uchanjaji wa kupita kiasi, moto na mifugo vimeidhoofisha mibani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulitabiri kuwa mavuno ya aina moja kuu yangepungua kwa nusu ndani ya miaka 20. Ubani wetu unaookotwa bila jeraha ungestahili bei ya juu. Badala yake huuzwa kwa gunia, haujachambuliwa, punje safi zikiwa zimechanganyika na magome na mchanga. Kuchambua kwa ukubwa na rangi, kupepeta, na kufunga katika pakiti ndogo ni kazi ya meza na ungo tu, na ndiyo kazi inayopandisha bei.

Buhuri, udi na msandali

Buhuri ni vipande vya mbao vilivyolowekwa katika mafuta na manukato. Wasomali wana unsi, unaopikwa kwa sukari na manukato, nao huuchoma kwenye chetezo chao, dabqaad. Kiasi cha ukucha kinatosha sebule nzima, kwa hiyo mkebe unaoonekana ghali hudumu. Chetezo cha umeme kinafaa zaidi hapa, kwani hupasha bila kuunguza na hakihitaji makaa, mradi tokeni zipo na stima haijapotea.

Udi wenyewe, ule wa mti wa Asia uitwao Aquilaria, ni adimu, na tangu 2005 aina zake zote zimo chini ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Anayeuziwa "udi halisi" kwa bei ya vijiti ajue ameuziwa manukato.

Kuhusu msandali wetu, hapana mjadala. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa CITES. Mafuta yako hata mizizini, hivyo wezi huung'oa mti mzima, na palipong'olewa hapachipuki tena. Kipande kinachonong'onezwa kuwa kimetoka Samburu au Baringo kiachwe kwa anayekiuza.

Koili na pareto

Mwaka 1890 Mjapani Eiichiro Ueyama alitengeneza kijiti cha ubani chenye unga wa pareto. Kiliisha baada ya dakika 40 hivi, na mbu wakarudi. Mkewe, Yuki, akapendekeza kukizungusha kama nyoka aliyejikunja, na mwaka 1902 koili ikaingia sokoni ikiwaka saa saba au zaidi. Kubadilisha umbo tu kulizaa biashara ya dunia nzima.

Pareto ya Kenya ilichukua nafasi ya Japani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Nakuru ikawa makao ya bodi ya pareto na kiwanda chake, na kwa miongo mingi nchi hii ikatoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia. Wakulima walipokaa miaka bila malipo, waling'oa maua wakapanda viazi. Sheria ya pareto ya 2013 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na kilimo kinajaribu kusimama. Lakini koili nyingi madukani leo hutumia kemikali za kiwandani zinazoiga pareto. Soma pakiti: ioneshe dawa iliyomo na namba ya usajili ya bodi ya kudhibiti dawa za wadudu.

Hewa ya ndani

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa baridi watu hufunga madirisha. Hapo kila fukizo hugeuka hatari. Utafiti wa 2003 kuhusu koili za China na Malaysia ulionesha kuwa koili moja hutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Kaa la chetezo nalo hutoa gesi isiyonusika inayoua. Fukiza dirisha likiwa wazi, ondoa kaa kabla ya kulala, na palipo na mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu tumia chandarua badala ya koili.

Kwa matumizi ya kila siku, ubani wa punje kutoka kaskazini kwenye kaa dogo ndio chaguo langu: unajua kilichomo, na pesa hurudi kwa mfugaji. Kwa wageni wa ghafla, kijiti kilichosokotwa na viungo vyake.

Kwa wenye mtaji na kwa kaunti, nafasi iko wazi. Makapi ya pareto yanayobaki baada ya kukamuliwa yamekuwa yakitumika kujaza koili kwa miaka mingi, unga wa makaa uko kila soko, na majani ya leleshwa hukatwa bila kuua kichaka. Kikundi cha akina mama Molo kikipewa mashine ndogo ya kusokota, vipimo vya ubora vya shirika la viwango, KEBS, na soko la uhakika, kinaweza kuuza kijiti cha Nakuru katika rafu za Nakuru. Kinachotangulia vyote ni kumlipa mkulima kwa wakati, kwa sababu pareto ilianguka hapo, na hakuna bidhaa mpya itakayosimama juu ya deni la zamani.